Vanishi ya Kujitegemea

Katika maisha yangu nimepaka vanishi madawati, majeneza, mimbari moja na mlango wa ofisi ya kijiji, ambao uligandana na fremu yake ukamfungia katibu ndani tangu asubuhi hadi alasiri. Vyote hivyo ama vimesahauliwa ama vimeliwa na mchwa. Kilichobaki midomoni mwa watu ni picha moja tu. Mpaka leo nikienda nyumbani, kabla sijafika hata kwenye ua wa ndugu zangu, kuna mzee fulani lazima aniulize kama safari hii nimekuja na kopo.

Picha yenyewe ilikuwa ya harusi ya Kana. Ilining'inia kanisani kwetu, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kinampanda. Aliyeichora alikuwa muuguzi wa misheni, mama mrefu wa Kizungu aliyekaa kwetu miaka ya mwisho ya ukoloni. Aliichora kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa kizito, na badala ya kuhangaika na watu wa Galilaya asiowajua, alituchora sisi. Mitungi ilikuwa ya wafinyanzi wetu. Nyuma kulikuwa na majabali yetu na ng'ombe wenye nundu. Bwana harusi alikuwa mpishi wa misheni. Bibi harusi alikuwa mke wa mwinjilisti, mama wa watoto sita, aliyeinamisha kichwa kwa haya utadhani ndiyo kwanza anaolewa. Yesu peke yake hakutoka kijijini. Hakuna aliyethubutu kujitolea, ingawa mwalimu mmoja alianza kufuga ndevu.

Mbele ya wote, akimimina maji mtungini kutoka kwenye kibuyu, alisimama binti wa shangazi yangu. Shangazi huyo ndiye aliyenilea nilipokuja kusoma, kwa hiyo binti yule alikuwa dada yangu kwa kila hali: tulikula sahani moja na tulipigwa kwa fimbo moja. Alikuwa na miaka kumi, pengine kumi na moja. Mimi nami niliitwa nichorwe pembeni yake, lakini sikuweza kusimama dakika mbili bila kujikuna. Yule muuguzi alinivumilia siku mbili, ya tatu akachora mbuzi mahali pangu. Watu wanasema tunafanana.

Mwaka uliofuata surua ilipita kijijini ikamchukua dada yangu. Muuguzi naye akarudi kwao. Hatukuwa na picha nyingine ya yule mtoto. Nani wakati huo alikuwa na kamera? Shangazi akawa anakaa benchi la pili upande wa wanawake, mahali palepale kila Jumapili, na mahubiri yakianza yeye humtazama mwanawe. Mchungaji alilijua hilo akalinyamazia.

Mambo yalikwenda hivyo hadi baada ya Uhuru, tukaingia Ujamaa, tukahamishwa tukakusanywa kuzunguka kanisa na shule, nami nikawa kiongozi wa kikundi cha useremala cha kijiji. Kulikuwa na maseremala wawili tu, na mwenzangu hakupenda kuongea hadharani, ndiyo maana nikachaguliwa mimi. Masika moja mvua ilikuwa nyingi kuliko kawaida, bati la kanisa likavuja, unyevu ukaingia kwenye picha. Maji yalipokauka, wageni wote wa Kana walikuwa wametandwa na weupe kama ukungu. Leo najua kwamba ule weupe ulikuwa kwenye vanishi ya zamani tu, rangi zilikuwa salama chini yake. Siku hizo nilichojua ni kile walichosema kina mama wa kanisa: watu wetu wamepauka.

Asiye wa kwetu huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwetu mtoto hatolewi mbele ya mgeni bila kupakwa mafuta. Awe na nguo yenye viraka, haidhuru, lakini ngozi ing'ae. Ukikuta mtoto miguu imepauka kama aliyekanyaga majivu, humlaumu mtoto, unauliza mama yake yuko wapi. Na mgeni alikuwa njiani: mkuu wa kanisa alitazamiwa kuja kubariki zahanati yetu mpya. Angeingia kanisani na kuikuta harusi nzima imepauka.

Shangazi alinifuata karakana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya dada yako."

Nilifikiri anazungumzia kaburi.

"Yule wa kanisani," akasema. "Mgeni anakuja na mtoto hajapakwa mafuta. Mimi siwezi kupanda ukutani. Wewe ndiye fundi, na vanishi unaijua. Mng'arishe."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, shangazi, mimi ni fundi wa madawati. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kukuna kidevu kama daktari.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba vanishi haikuwepo. Niliagiza kwa madereva wa malori waliosimama Shelui, wakarudi mikono mitupu. Hata misumari ilikuwa ya kubahatisha siku hizo. Nikakaa nikawaza, na kuwaza kwangu siku zote kumekuwa na gharama kwa watu wengine. Nilikumbuka kwamba vanishi ni utomvu na mafuta, na vyote viwili tunavyo. Nikakusanya utomvu mkavu kwenye miti ya porini, nikaomba mafuta ya alizeti kwa mama mmoja aliyekuwa na mashine ya kukamua kwa mkono, nikavichemsha pamoja kwenye debe nyuma ya karakana mpaka nyusi zangu zikaungua. Kikatoka kitu cha rangi ya asali, kizito, chenye harufu ya maandazi.

Sikuishia hapo. Katika mkutano wa kijiji nilisimama na debe langu nikatoa hotuba. Nilisema mkoloni alituuzia vanishi ndani ya kopo ili tusijue kwamba vanishi inaota mtini. Nilisema kujitegemea hakuishii kwenye jembe. Nilisema vanishi hii ikishashika haitoki, si kwa maji, si kwa sabuni wala kwa karne. Watu wakapiga makofi, na katibu, ambaye wakati huo mlango wake ulikuwa bado unafunguka, akaandika neno fulani kwenye daftari lake. Ile sentensi ya karne ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

Nilipaka picha siku ya Alhamisi, mipako mitatu, kwa brashi ya madawati. Na hapa lazima nijitendee haki kidogo: kwa muda wa siku kumi nilikuwa fundi mkuu kuliko wote mkoani. Weupe ulitoweka mara brashi ilipopita. Rangi ambazo hakuna aliyezikumbuka zilirudi: kanga ya bibi harusi kumbe ilikuwa ya bluu, na kwenye kibuyu cha dada yangu kulikuwa na ushanga. Uso wake ulitoka umeng'aa kama umetoka kuogeshwa. Shangazi alisimama chini yake akanyoosha mkono, hakumgusa, akasema tu, "Sasa hapo." Mgeni alikuja, akasifu, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamjibu, "Ni kipaji tu, baba." Nilijibu hivyo bila kucheka.

Siku ya kumi na moja upepo ulianza kuvuma.

Anayeijua Singida anaujua upepo wake, hasa miezi ya kupepeta mtama na uwele. Kanisa letu lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo, na uwanja wa kupepetea ulikuwa upande wa upepo. Vanishi yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa haijakauka. Makapi yakaingia, yakatua kwa wageni wa Kana, yakakaa. Vumbi likafuata, kisha nzi, kisha nondo mmoja mkubwa aliyenasa kwenye bega la bwana harusi akaonekana kama cheo cha jeshi. Unyoya wa kuku ulishika kwenye ndevu za Bwana. Kina mama wakaniuliza, nikawaambia vanishi nzuri hukauka taratibu. Walikuwa watu wa adabu, wakakubali.

Shangazi hakunigombeza. Alifanya kitu kibaya zaidi: kila Jumapili baada ya ibada alinisubiri mlangoni akaniuliza, "Imekauka?" Nami nikamjibu, "Bado kidogo, shangazi." Nikaanza kutokea mlango wa nyuma. Naye akahamia mlango wa nyuma.

Ilipokauka hatimaye, ilikauka na kila kilichokuwa ndani yake, kisha ikaanza kubadilika rangi. Ikawa rangi ya chai, halafu ya chai iliyosahaulika jikoni, halafu ya sufuria yenyewe. Mimi nikaona dawa ya vanishi iliyofifia ni vanishi mpya, nikaongeza mpako wa nne. Baada ya mwaka watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanafundishwa kwamba harusi ya Kana ilifanyika usiku. Mchungaji hakuwasahihisha, kwa huruma yake kwangu.

Shangazi alihama kutoka benchi la pili akaja la kwanza. Alikaza macho kwa miezi mingi, kisha Jumapili moja akarudi benchi la nyuma kabisa, karibu na wenye watoto wachanga, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena kama imekauka. Nililala vizuri zaidi alipokuwa ananiuliza. Nilikuwa nimemzika binti yake mara ya pili na safari hii hata matanga hayakukaliwa, maana hakuna aliyejua aanzie wapi kutoa pole.

Miaka kama minne ikapita hivyo. Siku moja Landrova ya serikali iliharibika Shelui ikiwa na mtaalamu wa makumbusho kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa anazunguka kuangalia michoro ya kale ya mapangoni. Kipuri kilikuwa hakipatikani kabla ya siku nne. Mchungaji wetu, aliyekuwa Shelui kwa shughuli zake, akamkaribisha kwake, na mgeni alipokwisha kunywa uji akamwonyesha picha.

Tulikuwepo mimi, mchungaji, wazee wawili wa kanisa na shangazi aliyekuwa anafagia. Mtaalamu alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka kumi, na jambo hilo peke yake lilinitosha kumchukia. Hakuitazama picha, aliinusa. Akaikwaruza pembeni kwa ukucha.

"Nani alipaka hii?"

Wazee wa kanisa wakanigeukia.

"Mafundi wa zamani," nikasema.

Ufagio ukasimama. "Ni huyu hapa," akasema shangazi. "Mwanangu."

Yule kijana hakunicheka, ningependa angecheka. Alinieleza taratibu, kama tunavyowaeleza watu waliopotea njia, kwamba vanishi ya picha si ya mbao. Huwa nyepesi, utomvu ulioyeyushwa kwa tapentaini bila mafuta ya kula, na mtu huipaka akijua kabisa kwamba iko siku itazeeka na mwingine ataivua apake mpya. "Ni nguo," akasema. "Picha inavaa nguo, nguo ikichakaa inavuliwa. Wewe umeivalisha ngozi." Nikakumbuka karne yangu, nikatazama sakafu.

Alianza kuijaribu pembeni chini, kwenye jabali. Alizungusha pamba kwenye kijiti, akaiweka mdomoni, akailowesha mate, akaifuta picha. Mzee mmoja wa kanisa alishtuka: mtu anatemea mate harusi ya Bwana! Mwenzake akamtuliza kwamba hata babu zetu walibariki kwa mate. Vumbi likatoka, lakini vanishi yangu haikujali mate wala baraka. Akajaribu spiriti na tapentaini, kidogo kidogo. Pamba ikatoka na rangi ya chai. Akazungusha nyingine, ikatoka tena na chai, nasi tukaanza kutabasamu. Ya tatu ilitoka na alama ya kijivu.

Kijivu kilikuwa rangi ya jabali. Akaacha papo hapo.

Akatuambia mambo mawili. Kwanza, kwa siku alizonazo na chupa aliyonayo anaweza kufungua uso mmoja tu. Pili, dawa inayoweza kung'oa mafuta yangu inaweza kung'oa na rangi. Uso huo ungeweza kutoka vizuri, na ungeweza kuondoka kwenye pamba tusiuone tena. Tukiacha ilivyo, utakaa gizani lakini utakaa.

"Basi ni uso wa Bwana," akasema mzee wa kwanza, na kwa kweli ndani ya kanisa ungetegemea aseme nini.

Shangazi aliweka ufagio ukutani. Sikuwahi kumsikia akipingana na mzee wa kanisa.

"Bwana yupo kwenye kalenda," akasema. "Yupo kwenye kitabu cha watoto, yupo kwa mchungaji sebuleni. Simkosei heshima. Mwanangu yupo hapa tu."

Mchungaji akasema Bwana mwenyewe asingekataa. Mtaalamu akamgeukia shangazi akamweleza tena hatari yake, safari hii kwa upole zaidi. "Mama, ukiniambia niache, naacha. Bado yupo chini yake."

"Chini nilishamweka mara moja," akasema shangazi. "Mfungue."

Kazi ilichukua siku mbili. Mimi, kiongozi wa useremala, nilipewa kazi ya kuzungushia pamba kwenye vijiti. Niliifanya vizuri. Tatizo ni kwamba siku ya pili mchana yule kijana alitoka nje kunyoosha mgongo, akaniacha na chupa. Alikuwa ameshafungua paji la uso, macho, pua na shavu moja. Nilimwona dada yangu akinichungulia kutoka kwenye ule weusi, na nikapandwa na kitu ambacho nilikiita upendo. Nikachukua kijiti nimsaidie kidogo, kwenye sikio tu, mahali pasipo na madhara. Nilisugua kama ninavyosugua dawati. Nilipoitazama pamba, sikio lilikuwa limo.

Niliikunja ile pamba mkononi nikasimama pale kama yule mbuzi. Kijana aliporudi aliona mara moja. Alininyang'anya kijiti, akaniambia nikakae benchi la nyuma, nami nikaenda. Nilikaa mahali pa shangazi, nikatunga maneno ya kumwomba msamaha: kwanza kwa ajili ya vanishi, pili kwa ajili ya mlango wa nyuma, tatu kwa ajili ya sikio. Niliyapanga vizuri sana. Nimewahi kusema kwamba siku zote napenda hotuba?

Jioni, jua likiwa bado linaingia madirishani, kijana alipaka uso ule vanishi yake nyepesi akamwita shangazi. Shangazi akafika amevaa kanga yake ya Jumapili. Ukutani kulikuwa na kitambaa kikubwa cheusi, na katikati ya weusi ule uso mmoja wa mtoto wa kike, umeangaza, unatazama maji ambayo hayaonekani. Upande wa kushoto palikuwa na doa badala ya sikio.

"Sikio ni mimi, shangazi," nikasema. Hotuba yote ikafupika ikawa hiyo.

"Hata lilipokuwepo hakulitumia," akajibu bila kugeuka. "Nilikuwa namwita mara tano."

Tulicheka, hata mchungaji. Kisha shangazi akaacha kucheka kabla yetu. Alisogea karibu, akapima kwa mkono wake kutoka sakafuni hadi kifuani, kama mtu anayeonyesha urefu wa mtoto.

"Kumbe alikuwa mdogo hivi," akasema.

Mkono akauacha palepale hewani.

"Miaka yote hii sikumwona, mimi nikawa naendelea naye. Nilikuwa namlinganisha na wasichana waliokuwa na miaka kama yake picha ilipoingia giza. Hao walipovunja ungo, naye akavunja. Mwaka jana walipoolewa nikamwoza." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Nilikuwa namtafutia jina la mtoto wake. Na yeye kumbe bado yuko hapahapa, na kibuyu."

Kisha akalia, kwa sauti, kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake hata siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na wagonjwa wengine wawili ndani na mmoja wao alikuwa mimi. Nilisogea nimshike. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, yule yule aliyesimama na debe mbele ya kijiji kizima, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Akanigusa begani akanisukuma polepole kuelekea mlangoni, pamoja na wengine.

"Nenda nyumbani, mwanangu," akasema. "Niacheni nikae naye kidogo."